Jinsi ya Kumfukuza Bwana Nitaandika Baadaye: Mwongozo kwa Mshika Funguo wa Kabati la DDA

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu: aliyeshika funguo. Hapa wilayani Rungwe, awe Isongole kunakolimwa viazi kwenye ukungu, awe mjini Tukuyu, awe kule chini Masoko, kazi yake ni ileile. Anafungua kufuli mbili za kabati dogo la dawa zinazodhibitiwa, ambalo wauguzi huliita kabati la DDA, anatoa dawa inayoruhusiwa kwa ngazi ya kituo chake, iwe mofini, pethidini, dayazepamu au fenobarbitoni, kisha anaigeukia rejesta. Hapo ndipo wageni wanapobisha hodi.

Wageni hao ni watano, na hakuna kituo cha tiba kisichowajua. Yupo Dokta Kuku Kaparua, ambaye mwandiko wake husomwa na yeye peke yake, tena kabla ya chakula cha mchana. Yupo Bi Tunajuana, anayemfahamu kila mgonjwa kwa ukoo na kitongoji, kwa hiyo haulizi jina. Yupo Bwana Nitaandika Baadaye, mwenye haraka ya kudumu na kumbukumbu anayoisifu mwenyewe. Yupo Mzee Lazima Ilingane, fundi wa kuilazimisha hesabu ikubaliane na kabati. Wa mwisho ni Bwana Sitaki Kesi, ambaye kwa macho anaonekana mwadilifu kuliko wote, naye ndiye mwenye madhara makubwa kuliko wote.

Tutawacheka hadharani, maana wanastahili. Lakini kila hatua iliyoandikwa hapa ni ya kufuatwa, kwa sababu kila mgeni kati ya hawa akiondoka huacha nyuma yake mgonjwa anayeumia au muuguzi asiye na hatia anayehojiwa.

Hatua ya 1: Jua kwa nini kufuli ni mbili

Mofini, pethidini na fentanili zimo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya. Dayazepamu na fenobarbitoni zimo katika mkataba wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Hapa nyumbani Tanzania tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyounda mamlaka tunayoiita DCEA. Tuna pia TMDA, iliyojulikana kama TFDA hadi mwaka 2019, yenye dhamana ya ubora na usalama wa dawa.

Wengi husoma orodha hiyo ya sheria na kuona polisi tu. Wasome tena. Utangulizi wa mkataba wa 1961 unakiri kwamba dawa hizi haziepukiki katika kutuliza maumivu, na kwamba nchi zina wajibu wa kuhakikisha zinapatikana kwa tiba. Sheria ina mikono miwili: mmoja unazuia dawa isipotelee njiani, mwingine unaisukuma imfikie mgonjwa. Rejesta ndiyo ushahidi wa mikono yote miwili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na dawa ya maumivu ni mali ya mgonjwa kabla ya kuwa mali ya serikali.

Ketamini haimo katika mikataba hiyo. Shirika la Afya Duniani limeshauri mara kadhaa isiwekwe, kwa kuwa ndiyo dawa ya usingizi inayotegemewa katika upasuaji wa hospitali nyingi za vijijini. Usingoje kulazimishwa. Ifungie na iandike kama zilivyo nyingine, maana kwa mwizi ina thamani ileile.

Hatua ya 2: Mtoe nje Dokta Kuku Kaparua

Cheti cha dawa inayodhibitiwa kina mambo ambayo hayana mjadala. Kinataka majina kamili ya mgonjwa, umri, jinsia, kijiji na namba ya faili, na uzito akiwa mtoto. Kinataka tarehe, jina la dawa, nguvu yake, kipimo, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi. Kinataka jumla ya dawa kwa tarakimu na kwa maneno. Chini kabisa kuna jina la aliyeandika, cheo, namba ya usajili na saini. Saini pekee haitoshi, hasa ile inayofanana na njia ya konokono.

Jumla kwa maneno ni ulinzi wa kweli. Sufuri huongezwa kwa kufumba na kufumbua, na 10 inakuwa 100. Neno "kumi" haligeuki "mia moja" kwa kalamu ya mtu yeyote.

Sasa tazama mofini ya maji. Chukua chupa yenye miligramu 10 katika kila mililita 5. Dokta Kuku Kaparua anaandika: "Mofini 5 kila baada ya saa nne." Tano nini? Zikiwa miligramu, mgonjwa ameze mililita 2.5. Zikiwa mililita, anameza miligramu 10, maradufu ya kilichokusudiwa, na atarudia hivyo kila baada ya saa nne mchana na usiku. Kwa hiyo andika vyote viwili, miligramu na mililita, na taja nguvu ya chupa. Andika 0.5, kamwe usiandike .5 tupu, kwa sababu nukta hupotea na nusu ikawa tano. Andika 5, usiandike 5.0, kwa sababu nukta ikififia tano inakuwa hamsini.

Mtoa dawa, cheti kisichosomeka kirudishe. Ni wajibu wako. Najua kwamba daktari anaweza kuwa na umri wa baba yako, na kwetu mkubwa hasahihishwi dirishani mbele ya foleni. Basi nenda chumbani kwake, uanze kwa adabu: "Shikamoo Dokta. Samahani, naomba unisaidie hapa, ni miligramu au mililita?" Atakujibu, na ukimwomba aandike upya ataandika. Adabu yako iko katika namna ya kuuliza. Kunyamaza na kukisia si adabu hata kidogo, maana gharama yake italipwa na mgonjwa.

Hatua ya 3: Mtoe nje Bi Tunajuana

Rungwe ni nchi ya akina Mwa. Asubuhi moja rejesta inaweza kupokea Mwakalinga, Mwakalukwa na Mwakalobo wakifuatana, na wawili kati yao wakawa wanaitwa Lugano. Lugano mmoja ni mwanamke na mwingine ni mwanamume, kwa kuwa Lugano, kama Ipyana, ni jina la wote. Kwenye foleni yupo mwingine anayejulikana mtaa mzima kama Mama Lusajo, na Lusajo wa Katumba wapo wengi kuliko migomba ya nyumba moja.

Bi Tunajuana haoni tatizo. "Huyu namjua, ni wa kwa Mwakalinga pale juu." Anaandika "Mama Lusajo" na kumpa vidonge vya mwingine.

Kabla ya kutoa dawa, thibitisha angalau mambo matatu: majina yote, umri au tarehe ya kuzaliwa, na namba ya faili. Ongeza kijiji na kitongoji. Na muhimu kuliko yote, mwache mgonjwa ataje mwenyewe. Ukimwuliza bibi, "Wewe ndiye Lugano Mwakalinga?" anaweza kuitikia "ndiyo" kwa sababu ya heshima, au kwa sababu masikio yamechoka, au kwa sababu amekaa kwenye benchi tangu alfajiri na anachotaka ni kwenda nyumbani. Sema hivi: "Shikamoo bibi. Naomba unitajie majina yako yote, na unakotoka." Sekunde chache hizo ndizo zinazozuia kosa kubwa.

Mara nyingi anayekuja dirishani si mgonjwa. Ni mjukuu, jirani, au kijana wa bodaboda aliyetumwa. Andika jina la mchukuaji, uhusiano wake na mgonjwa, na namba ya simu, kisha aweke saini au dole gumba. Mgonjwa wa saratani aliyelala kitandani Ikuti hawezi kuja kukuonyesha sura kila wiki, na hapaswi kunyimwa dawa kwa sababu hiyo. Rejesta inakuruhusu kumwamini mjukuu kwa kumbukumbu iliyoandikwa.

Halafu kuna lile daftari la shule lenye kona zilizokunjamana, ambalo mgonjwa amelibeba kwenye mfuko wa plastiki ili lisilowe. Lisome. Leo yuko kwako, wiki iliyopita alikuwa hospitali ya Makandana, mwezi uliopita ya Igogwe, na kabla ya hapo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Kurasa zile zitakuambia kama amekwisha kupewa dawa ileile kwingine, au kama kipimo kimebadilishwa. Ukimaliza kusoma, andika na wewe humo: tarehe, dawa, kiasi, na siku ya kurudi. Rejesta yako inabaki kabatini. Daftari lake linasafiri naye, na daktari atakayefuata hana kingine cha kusoma.

Hatua ya 4: Mtoe nje Bwana Nitaandika Baadaye

Huyu hatoki kwa maneno laini. Ana sababu nzuri daima: wodi imejaa, mama analia uchungu, gari la wagonjwa linapiga honi. Dawa yake ni kanuni moja isiyo na mlango wa nyuma: mstari unaandikwa wakati kabati liko wazi. Ukifunga kabati bila kuandika, hujamaliza kutoa dawa.

Andika saa kwa mtindo wa saa 24. Hili si jambo dogo kwa watu wanaohesabu saa kuanzia mapambazuko. Ukiandika "saa 8" bila zaidi, mwenzako wa zamu anaweza kuelewa saa nane usiku, yaani 02:00, au saa nane mchana, yaani 14:00. Aliyezoea mshale wa saa ya ukutani atasoma 08:00 au 20:00. Mgonjwa anayepewa mofini kila baada ya saa nne hawezi kuishi ndani ya kitendawili hicho. Na kumbuka kwamba usiku wa manane tarehe hubadilika ingawa zamu haijabadilika. Dawa ya 00:30 ni ya tarehe mpya.

Umeme ukikatika na mfumo wa kompyuta kama GoTHoMIS ukalala, andika kwenye karatasi palepale. Umeme ukirudi, ingiza taarifa kwa saa halisi ambayo dawa ilitolewa, na ueleze kwamba imeingizwa baadaye. Usijifanye uliandika saa ile. Nchini Uingereza daktari aliyeitwa Harold Shipman alihukumiwa Januari 2000 kwa kuwaua wagonjwa 15 kwa dawa ya jamii ya mofini, na uchunguzi ulioongozwa na Jaji Janet Smith ulihitimisha mwaka 2002 kwamba waliouawa walikuwa 215. Mtu huyo alikwisha kutiwa hatiani mwaka 1976 kwa kughushi vyeti vya pethidini. Miaka baadaye alikuwa akirudi kwenye kompyuta na kuandika magonjwa ya uongo kwa tarehe za nyuma, ili vifo vionekane vya kawaida. Hakujua kwamba kompyuta ilikuwa ikitunza saa halisi ya kila alichoingiza, na rekodi hizo zikawa ushahidi mahakamani.

Muuguzi mchovu wa Tukuyu anayejaza mistari ya jana si Shipman, na hakuna atakayedai hivyo. Lakini mkaguzi akifungua kitabu hana njia ya kumtenga mvivu na mwovu, kwa kuwa rekodi zao zinafanana. Jilinde kwa ukweli wa saa.

Na kuhusu vifaa vya kuandikia: tumia kalamu ya wino wa bolpeni, kamwe si penseli. Sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na karatasi hunyonya unyevu hata ikiwa ndani. Weka rejesta mbali na dirisha. Kalamu ifunge kwa kamba kwenye kabati, maana kalamu ya rejesta ina miguu, na hurudi kwa Bwana Nitaandika Baadaye kila inapopata nafasi.

Hatua ya 5: Nusu ampuli ina saini mbili

Mtoto wa kilo 10 ameletwa akiwa na degedege. Ampuli ya dayazepamu ina miligramu 10. Kwa njia ya haja kubwa anahitaji miligramu 5. Degedege limetulia, mama anamshukuru Mungu, kila mtu anapumua. Miligramu 5 zimebaki ndani ya bomba la sindano, na hakuna anayezitazama.

Zitazame. Andika: iliyofunguliwa 10, aliyopewa mgonjwa 5, iliyomwagwa 5. Aliyetoa atie saini, na shahidi aliyeona kwa macho yake ikimwagwa atie saini. Shahidi asitie saini kwa sababu aliyemwomba ni mkubwa wake kazini, wala kwa sababu wanasali kanisa moja. Saini ya ushahidi inasema jambo moja tu: niliona. Kama hukuona, mwambie mkubwa wako kwa upole, "Samahani Sista, naomba nije nione kwanza," naye atakuheshimu zaidi baada ya siku hiyo.

Katika zahanati ambako zamu ya usiku ina mtu mmoja, kanuni ya saini mbili inahitaji utaratibu wake. Kituo chako kiwe nao kwa maandishi. Kama hakina, mwombe Mganga Mfawidhi auandike kabla ya zamu yako ijayo, ili usiku wa dharura usiwe ndio siku ya kubuni taratibu.

Hatua ya 6: Mtoe nje Mzee Lazima Ilingane

Kila zamu inapobadilika, watu wawili wahesabu pamoja: anayeondoka na anayeingia. Wafungue maboksi na kuhesabu ampuli moja moja. Kunakili salio la jana si kuhesabu. Mama muuza ndizi wa Kiwira hafungi biashara jioni bila kuhesabu mikungu iliyobaki chini, hata kama anaikumbuka, na yeye hakuapa kiapo cha uuguzi.

Sasa rejesta inasema ampuli 15, kabatini zimo 14. Mzee Lazima Ilingane anatoa kalamu yake na busara zake: "Hapa juu tumwongezee huyu mgonjwa dozi moja, itakaa sawa." Na kweli itakaa sawa kwenye karatasi. Lakini mgonjwa wa watu sasa ana dozi ambayo hakupewa, daktari wa kesho atapanga tiba kwa kuisoma, na ampuli iliyopotea haitatafutwa na mtu yeyote tena.

Andika ulichokikuta: "Zimehesabiwa 14, rejesta inaonyesha 15." Weka saa, saini za wote wawili, na mpe taarifa Mganga Mfawidhi palepale kabla anayeondoka hajaondoka. Mara nyingi jibu liko karibu. Dozi ya dharura haikuandikwa, au ampuli ilivunjika, au ukurasa umegeuzwa haraka na salio likanakiliwa vibaya. Majibu hayo hupatikana saa hiyohiyo. Baada ya wiki mbili hayapatikani kamwe.

Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, andika sahihi pembeni, tia saini na tarehe. Usifute kwa wino mweupe na usichane ukurasa. Kurasa ziwe na namba tangu siku rejesta inapofunguliwa, ili ukurasa ukikosekana ujulikane.

Mofini ya maji ina tabia yake. Kila unapopima, kidogo hubaki kwenye kikombe au kwenye shingo ya chupa, kwa hiyo mwisho wa chupa hesabu inaweza kupungua kidogo. Pima, andika kiasi halisi ulichokikuta, na ueleze tofauti. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Tofauti kubwa, au inayojirudia kwenye zamu zilezile, inahitaji kuulizwa. Na rejesta ya dawa ya maji ambayo haijawahi kupungua hata mililita moja mwaka mzima inapaswa kumshtua msimamizi, kwa sababu imeandikwa na mtu ambaye hapimi.

Hatua ya 7: Mtafute asiyekuja

Rejesta nzuri inakuambia pia ni nani hajachukua dawa. Hapa fenobarbitoni ndiyo mwalimu. Mnamo mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge na kuwatibu wagonjwa kwa fenobarbitoni, watu ambao wengi wao walikuwa wametengwa na jamii. Dawa hiyo ya bei nafuu bado inawashikilia watu wengi vijijini hadi leo. Lakini mgonjwa akiiacha ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, na wakati mwingine degedege hufuatana bila kukoma. Kwa mtu anayepika kwa kuni au anayechota maji mtoni, anguko moja linatosha kuleta ulemavu wa maisha au kifo.

Weka safu ya tarehe ya kurudi, na kila wiki ipitie. Aliyepaswa kuja Jumatatu na hajaonekana hadi Alhamisi, mpigie simu au mwombe mhudumu wa afya wa jamii ampitie nyumbani. Huenda mvua imeharibu njia, au nauli imekosekana, au mtu amemwambia ameshapona.

Na anayerudi mapema mno? Muulize kabla ya kumshuku. Huenda vidonge vimelowa, huenda kipimo kiliongezwa hospitali nyingine, huenda anagawana na mdogo wake mwenye kifafa ambaye hajawahi kufikishwa kliniki. Huyo mdogo mtu ungemjuaje bila rejesta? Na kama vidonge vinauzwa, maandishi yako ndiyo yatakayoonyesha, bila kumdhalilisha asiyehusika.

Kliniki za kutibu uraibu kwa methadoni, zilizoanza Muhimbili mwaka 2011 na ambazo sasa zipo hadi Mbeya, zinatufundisha ukali wa safu hii. Mteja hunywa dawa kila siku mbele ya mtoa dawa. Akikosa siku kadhaa mfululizo, mwili wake unapoteza uzoefu, na kipimo cha zamani kinaweza kumuua, kwa hiyo lazima apimwe upya. Alama moja ya "amekunywa" iliyowekwa kwa mazoea kwa mtu ambaye hakuja ni hatari ya moja kwa moja kwa maisha yake.

Hatua ya 8: Rejesta si gazeti

Tukuyu ni mji ambao habari hufika sokoni kabla ya mwenye habari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda pia taarifa za afya. Usiache rejesta wazi dirishani foleni ikaisoma. Usipige picha ukurasa ukautuma kwenye kundi la simu. Usitaje dawa ya mtu kwa sauti inayofika kwenye benchi. Mgonjwa wa kifafa akijua siri yake haikai, hatarudi, na safu yako ya tarehe za kurudi itabaki tupu.

Hatua ya 9: Mtoe nje Bwana Sitaki Kesi

Tumemweka mwisho kwa sababu yeye hana kosa hata moja katika rejesta. Rejesta yake ni safi kabisa: haina kitu. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi analetwa akiwa amejikunja kwa maumivu, na Bwana Sitaki Kesi anampa parasetamoli. "Mofini ina maswali mengi," anasema. "Mimi sitaki kesi."

Tazama kinachofuata. Ombi la dawa huandaliwa kwa kutazama matumizi ya nyuma, na matumizi yaliyosomeka ni sifuri. Ombi linakwenda bila mofini, au na chupa chache za kuonyesha. Bohari ya Dawa, MSD, kupitia kanda yake ya Mbeya, haiwezi kuleta kisichoombwa. Serikali nayo kila mwaka hupeleka makadirio ya mahitaji ya dawa hizi kwa Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya iliyoko Vienna, na nchi huagiza ndani ya makadirio hayo. Hivyo ndivyo woga wa mtu mmoja aliyeshika kalamu Rungwe unavyopanda ngazi hadi Ulaya na kurudi ukiwa upungufu. Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilionyesha kwamba kati ya takriban tani 299 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa uzito wa mofini, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Sababu ni nyingi, na hofu ya waandikaji ni mojawapo ambayo tunaweza kuiondoa wenyewe, bila msaada wa mtu.

Majirani wametuonyesha njia. Mwaka 1993 Hospice Africa Uganda ilianza kutoa mofini ya maji iliyochanganywa kutoka unga, na mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Kwetu, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road kwa miaka mingi imekuwa ikitengeneza mofini ya namna hiyo. Dawa ipo, na ujuzi upo. Mtu anayeandika vizuri ana kila sababu ya kuitoa, kwa sababu siku mkaguzi atakapofika, kila mililita itakuwa na mgonjwa wake, saa yake na saini zake.

Kwa hiyo anza na zamu ya kesho asubuhi. Hesabuni wawili. Ukikuta salio limepungua, andika lilivyo. Pitia tarehe za kurudi na upige simu mbili tatu. Akija mgonjwa mwenye maumivu makali, mwite daktari, dai cheti kinachosomeka, mpe dawa, andika mstari wote. Ombi la dawa la kipindi kijacho lijaze kwa matumizi halisi. Na rejesta ikikaribia kurasa za mwisho, agiza mpya mapema pamoja na mofini, kwa sababu siku rejesta inapoisha wageni wote watano huja kwa pamoja, na Bwana Nitaandika Baadaye ndiye hutangulia, akiwa na vipande vya karatasi mfukoni.